Sanamu za kuchekesha: namna ya kuanza kuchonga nyumbani, na sababu ya kutoanza na pua ya jirani

Katika avenii nyingi za Mabanga, Kusini kama vile Kaskazini, hutembei dakika kumi bila kusikia mti unakatwa. Huku fundi anatengeneza kitanda, kule mlango, mbele kidogo kijana anachonga gurudumu la chukudu kwa panga. Jioni, mbele ya kila atelie kunabaki lundo la vipande vidogo ambavyo havifai tena kwa kitu, na bamama au watoto wanakuja kuviokota kwa kuwasha moto. Makala hii inahusu vipande hivyo, kabla havijafika kwenye brazero.

Kipande kimoja chenye urefu wa kiganja, kisu kidogo kinachokata vizuri, na saa mbili za siku ya yenga mchana: hivyo vinatosha kuanza kuchonga sanamu ndogo za kuchekesha. Wafaransa wanaita caricature, sisi tuseme karikatiri. Ni sanamu ya mtu ambaye kitu chake kimoja kimezidishwa kusudi anayeangalia amtambue na acheke: koti kubwa kuliko mwenye koti, beseni kubwa kuliko kichwa kinacholibeba, kitambi kinachotangulia mwenyewe kufika. Kazi hii haiombi umeme, na hiyo peke yake hapa kwetu ni sifa kubwa. Haiombi diploma. Inaomba makali, uvumilivu na jicho la kuangalia watu.

Tuseme wazi toka mwanzo: hatuzungumzii kazi ya kulisha familia. Soko la sanamu mjini Goma linategemea sana wageni, na wageni siku hizi ni wachache. Tunazungumzia kazi ya mikono ya kupitisha saa, ile inayomfanya mtu akae nje ya mlango wake, kichwa kipumzike kidogo na habari, watoto wakusanyike kuangalia kitu kinatoka ndani ya mti. Kama siku moja mtu akinunua, ni vizuri. Lakini usiweke bei kabla ya kujua kunoa kisu.

Kitu gani unazidisha?

Hili ndilo swali la kwanza, na linakuja kabla ya kisu. Vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na karibu vyote vinamwambia anayeanza: zidisha pua. Ni rahisi, inaonekana mbali, inachekesha. Huko kwao inawezekana. Hapa kwetu Kivu, apana.

Sababu kila mkaaji wa mashariki anaijua, hata kama hatupendi kuisema kwa sauti. Hapa pua inasomwa. Pua ndefu au pua pana, urefu wa mtu, umbo la paji la uso, vyote hivyo watu walifundishwa kuvisoma kama kitambulisho. Somo hilo halikutoka kwa babu zetu peke yao. Wakati wa utawala wa Wabelgiji kulikuwa na wataalamu waliopita Rwanda na vipimo wakipima pua na vichwa vya watu, na katika miaka ya 1930 kabila liliandikwa kwenye vitambulisho. Halafu, kabla ya 1994, gazeti la Kangura la huko Rwanda lilitumia maneno na hata katuni kwa kuwachafua watu juu ya kuzaliwa kwao. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimhukumu mhariri wa gazeti hilo pamoja na viongozi wa redio RTLM. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba picha ya kuchekesha ni mchezo tu. Katika eneo hili la maziwa makuu tunajua mchezo huo unaweza kufika wapi.

Basi kanuni ambayo tunamshauri kila anayeanza ni hii: zidisha kile mtu anachofanya, anachovaa au anachobeba. Kile alichozaliwa nacho, kiache kilivyo. Motari na pikipiki yake iliyopakia abiria watatu na godoro juu, hapo kuna kicheko na yeye mwenyewe atacheka wa kwanza. Pua yake haina kosa. Vivyo hivyo kwa mtu mwenye kilema, na kwa mtu ambaye vita ilimkata mguu. Wako wengi katika mji huu, na hakuna anayehitaji kujiona kwenye meza ya mtu akiwa kichekesho.

Babu zetu walifanya kabla

Mtu akikuambia karikatiri ni mambo ya wazungu, mpeleke kwa Warega wa Shabunda, Mwenga na Pangi. Katika chama chao cha Bwami walikuwa na sanamu ndogo za mti na za pembe ya tembo, na kila sanamu ilikwenda pamoja na maneno ya hekima ambayo mwanachama alipaswa kuyajua. Sanamu nyingine zilionyesha mtu mwema, nyingine zilionyesha tabia ya kukwepa. Kuna ile inayoitwa Sakimatwematwe, maana yake mwenye vichwa vingi: nyuso zinaangalia kila upande, kama mtu anayeona mambo mbele na nyuma. Kuna Wayinda, mwanamke mwenye mimba aliyetoka nje ya ndoa yake, ambaye anaonyeshwa kama onyo. Angalia vizuri: kilichozidishwa pale ni tabia. Vichwa vimeongezwa kwa sababu ya busara, tumbo limeongezwa kwa sababu ya kisa. Serikali ya kikoloni ilipiga Bwami marufuku mwaka 1948, na sanamu nyingi zikaenda Ulaya. Leo mrega akitaka kuona kazi ya babu yake, mara nyingi ni katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels, au katika nyumba ya tajiri fulani.

Wachongaji wa wakati wa ukoloni waliwacheka pia wazungu wenyewe. Zipo sanamu nyingi za zamani, za Kongo na za Afrika ya magharibi, zinazoonyesha mzungu na kofia ngumu ya jua, kaptula, kiko mdomoni, mikono ndani ya mifuko wakati wengine wanafanya kazi. Profesa mmoja Mjerumani, Julius Lips, aliyekimbia utawala wa Hitler, alikusanya picha za sanamu kama hizo katika kitabu kilichotoka mwaka 1937. Aliyechonga hakuhangaika sana na ngozi ya yule bwana. Alizidisha kofia, kwa sababu kofia ndiyo ilikuwa inaamuru.

Upande wa pili kuna Tintin. Hergé alichora Kongo mwaka 1930 na 1931 bila kuwahi kufika, na Wakongomani wake wote wana mdomo mmoja mkubwa na akili moja ndogo. Mkongomani mmoja alipeleka album hiyo mahakamani Ubelgiji mwaka 2007. Mwaka 2012 mahakama ilikataa kuizuia. Na leo hii, Kinshasa na kwingine, wachongaji wetu wanachonga Tintin wa mti na kuwauzia wageni. Hatumlaumu mtu anayetafuta unga. Lakini ukiwa unachonga kwa furaha yako mwenyewe, hakuna mteja anayekulazimisha, basi chonga watu wa kwako.

Kisu

Tuje kwa kazi. Wanaoanza wanafikiri wanahitaji patasi kumi. Kisu kimoja kinatosha kwa miezi sita ya kwanza, na si lazima kitoke ng'ambo. Chukua kipande cha msumeno wa kukatia chuma kilichovunjika, kile mafundi wa soda wanatupa. Omba fundi akisage kwenye mashine yake mpaka kipate umbo la kisu kidogo, sehemu inayokata iwe na urefu wa sentimita nne tu. Mwambie achovye ndani ya maji kila mara. Chuma kikipata moto mpaka kigeuke rangi ya bluu, kimekufa. Utakinoa leo na kesho kitakuwa butu. Mpini ni kipande cha mti kinachojaza kiganja vizuri: pasua kidogo, ingiza chuma, funga kwa mpira wa ndani wa gurudumu la kinga. Mpira huo huo, kata ukanda mwingine na uzungushe mara tatu kwenye kidole gumba cha mkono unaoshika kisu. Utauona ni wa maana siku ya kwanza.

Kunoa ndiyo nusu ya kazi. Jina la mtaa wetu ni mawe, kwa Lingala mabanga ni mawe, na kweli mawe hatuyakosi. Lakini jiwe la volkano lina matundu, linakwaruza makali badala ya kuyalainisha. Nenda Birere, kwenye maduka ya wanaopaka magari rangi, uombe msasa wa maji, ile karatasi nyeusi: namba 400, 800 na kama unapata 1000 au 1200. Gundisha kila moja kwenye kipande cha ubao kilichonyooka. Vuta kisu kwa kukilaza, mgongo wa kisu ukitangulia, mara ishirini kila upande, kutoka karatasi mbaya mpaka laini. Malizia kwenye mshipi wa ngozi wa zamani uliopakwa dawa kidogo ya meno. Ukitaka kujua kama kiko tayari, kata mti mlaini kwa kukatisha nyuzi zake: kisu kizuri kinaacha fasi inayong'aa, kisu kibaya kinaacha mistari myeupe kama mikwaruzo ya paka.

Watu wanaogopa kisu chenye makali. Kisu butu ndicho kinachokata mtu, kwa sababu unakisukuma kwa nguvu na kikiteleza hujui kinaenda wapi. Vaa glavu ya ngozi kwenye mkono unaoshika mti. Usichongee juu ya paja hata siku moja. Pale ndani unapita mshipa mkubwa wa damu. Kaa, weka viwiko juu ya magoti, kazi iwe mbele ya magoti. Ukijikata, bana kwa kitambaa safi, inua mkono juu. Damu ikikataa kusimama kisha dakika kumi, au kidonda kiko kirefu, nenda kituo cha afya na uulize juu ya chanjo ya pepopunda. Na wakati unachonga, mtoto asikuegemee.

Mti

Eukalipti ndiyo inajaza lundo la vipande mbele ya atelie. Iache. Ni mti wa kubeba mizigo, ndiyo maana watu wa chukudu wanaupenda, lakini kwa kisu kidogo ni mgumu na unapasuka. Libuyu, zile mbao nyekundu zinazotoka upande wa Beni na Mambasa, ina rangi nzuri ila inachosha mkono wa anayeanza. Ulizia gerevilea, ambayo watu wanapanda kwenye mipaka ya mashamba. Mti wa avoka ni mlaini na karibu kila parsele imekuwa nao siku moja. Jakaranda ni mzuri sana. Wachongaji wengi wa Kenya waligeukia jakaranda na mwembe wakati miti migumu ya zamani ilianza kuwa adimu.

Uliza pia mti umetoka wapi. Kama ni kipande cha fundi au tawi lililokatwa ndani ya parsele, hakuna neno. Kama ni mti wa mbugani Virunga, hatuna haja ya kwenda kuongeza kidonda pale kwa ajili ya mchezo wa siku ya yenga.

Mti mbichi unachongeka kama jibini ya Masisi, lakini ukikauka unapasuka, na mara nyingi unapasukia katikati ya uso. Paka nta ya mshumaa kwenye ncha zake mbili, uuweke kivulini, si juani, miezi mitatu au zaidi. Wazee walikuwa wanaweka juu ya jiko. Moshi unafukuza wadudu.

Kabla ya mti, lakini, kuna sabuni. Ndiyo, sabuni ya kipande, ile ya kufulia. Chora mtu wako juu yake na uchonge. Inakatika kirahisi, inakuonyesha mapema kwamba macho umeyaweka juu mno, na ukiharibu, mabaki yanafua nguo. Hakuna kitu kinapotea, na mama wa nyumba hatauliza maswali.

Zamu aliyelala

Kwa sanamu ya kwanza tunapendekeza zamu wa usiku. Kila mtu anamjua: anakaa mbele ya geti, amevaa koti la balo ambalo mwenye nalo wa kwanza alikuwa mtu wa nchi ya baridi na mwenye mabega mawili ya ziada, kofia ya pamba imevutwa mpaka kwenye nyusi, na saa tisa za usiku analinda kwa kufumba macho. Tunamchagua kwa sababu za kicheko, na kwa sababu za ufundi pia. Mikono yake iko ndani ya mifuko, kwa hiyo hautachonga vidole. Macho yamefungwa, na macho ndiyo yanayowashinda wengi. Koti linaficha miguu. Hakuna kitu kinachochomoka nje kikavunjika. Koti liwe la kiraia, la rangi yoyote. Kombati usiichonge, na katika wakati huu hatuna haja ya kueleza sana.

Kata kipande cha sentimita tano kwa tano, urefu kumi na nne. Nyuzi za mti ziende toka kichwani mpaka miguuni. Zikilala upande, shingo itakatika siku ya kwanza. Mtu wa kweli akisimama, mwili wake wote una urefu wa vichwa saba au saba na nusu. Zamu wetu atakuwa na vichwa vitatu tu. Hapo tayari ameshaanza kuchekesha bila wewe kugusa sura yake.

Usiweke uso kwenye bapa la kipande. Weka kwenye kona. Ukigeuza kona ikuangalie, kona hiyo tayari ni mstari wa katikati wa uso: pua inatoka yenyewe, mashavu yanateremka yenyewe kila upande. Hii ni siri ndogo ya wachongaji ambayo inaokoa wiki nyingi. Pima kwa penseli kutoka juu: sentimita mbili na nusu za kofia, mbili na nusu za uso, zinazobaki zote ni koti, na chini kabisa nusu sentimita ya viatu.

Mikato unayohitaji ni mitatu. Wa kwanza ni ule wa kumenya kiazi: gumba limeegemea mti, vidole vinne vinavuta kisu kuelekea gumba, polepole. Ndiyo maana gumba limevaa mpira. Wa pili ni wa kusukuma: kisu kinaangalia mbele, na gumba la mkono wa pili linakisukuma kwa mgongo wake. Unakwenda sentimita moja, si kumi. Wa tatu ni mkato wa kizuizi: unazamisha kisu wima kwenye mstari, halafu unachonga kuelekea mstari huo, na kipande kinaruka bila kupita mpaka. Mpaka wa kofia na uso, wa kidevu na kola, wa koti na viatu, yote ni mkato wa kizuizi. Mti ukianza kuchanika badala ya kukatika, unachonga kinyume cha nyuzi. Usiongeze nguvu. Geuza kipande uje toka upande mwingine.

Anza kwa kona tatu zilizobaki: zitoe, mwili uwe wa mviringo. Kisha mkato wa kizuizi chini ya kofia, uuzungushe kichwa chote, na uchonge uso uingie ndani kidogo, kusudi kofia ionekane imekalia nyusi. Mkato mwingine chini ya pua, na mdomo na kidevu virudi nyuma. Pua iwe ya kawaida, ndogo, tumeshasema sababu. Na kisha, pua ndefu ya anayeanza inavunjika karibu kila mara. Kila jicho ni mstari mmoja uliopinda kuelekea chini. Mdomo uwe wazi: mikato mitatu midogo inayokutana kama pembetatu, kipande kinatoka chenyewe, na zamu anakoroma. Inua kola mpaka kwenye masikio, hautachonga masikio. Mabega ya koti yaende mbali kuliko kichwa, mikono ya koti iishie kwenye mifuko kwa mikunjo miwili mitatu mizito. Koti ndilo liwe mhusika. Hapo tumia wakati wako.

Wengi wakimaliza wanakimbilia msasa kulainisha. Tungeomba waache. Alama za kisu zinashika mwanga, zinafanya koti lionekane zito. Mswidi mmoja, Axel Petersson, aliyezaliwa 1868 na kufa 1925, watu wakimwita Döderhultarn kwa jina la kijiji chake, alijulikana kwa sanamu kama hizo: wakulima, vijana wanaopimwa kuingia jeshi, arusi, maziko, vyote kwa mikato mikubwa bapa isiyosuguliwa. Jumba lake liko Oskarshamn mpaka leo. Wamarekani wanaochonga karikatiri, ambao walianzisha chama chao mwaka 1990, wengi wanafuata njia yake. Alikuwa mtu maskini anayechonga watu wa kijiji chake, wala hakuhitaji zaidi.

Rangi

Safisha kwanza sanamu kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni, kwa sababu mikono imeacha jasho na penseli. Ikikauka, tumia rangi iliyobaki ya nyumba, lakini iwe na maji mengi, mti uonekane chini yake. Kahawa nzito inatoa rangi nzuri ya koti kuukuu. Unga wa makala kwenye maji unatoa kivuli ndani ya mikunjo. Mwisho, siraji ya viatu isiyo na rangi au ya kahawia, kidogo sana, kwa kitambaa. Mafuta ya mawese usitumie: hayakauki, sanamu itanata vumbi na baada ya mwezi itanuka.

Watasema nini?

Kuna jambo ambalo vitabu vya ng'ambo havilisemi. Mtu akikaa nje Mabanga na kisu, akitoa kichwa cha mtu ndani ya mti, jirani mmoja atapita na kuuliza: "Ile iko nini? Fetishi?" Kuna familia ambako sanamu yoyote ya mtu ni hatari, na vijana wamewahi kuambiwa na wazazi watupe kazi yao. Kugombana hakusaidii. Chongea mahali pa wazi, mchana, watoto wakiona toka kipande cha kwanza mpaka cha mwisho. Mpe aliyeuliza aishike mkononi. Ni vigumu kumwogopa zamu anayekoroma. Na kama wazazi wako bado wanakataa, chonga kuku, chonga mbuzi anayekula karatasi ya masomo. Karikatiri ya wanyama haina mgogoro na mtu.

Jambo lingine ni kujulikana. Sanamu yako ikifanana sana na mtu fulani wa avenii, mwonyeshe yeye kwanza kabla ya wengine. Akikunja uso, ibaki nyumbani. Na wakubwa wenye nguvu, wa upande wowote, usiwachonge kwa sura yao. Babu wa wakati wa ukoloni alichonga kofia. Kila mtu alijua ni nani, na hakuna jina lililoandikwa chini.

Zamu wa kwanza hatakuwa mzuri. Kofia itakuwa imelala upande mmoja na kiatu kimoja kitakuwa kimepotea. Andika tarehe chini yake kwa penseli na umweke. Wa pili, chonga tena zamu huyo huyo, kipande cha ukubwa ule ule, usibadili mhusika bado. Ukifika wa nne au wa tano, mpe mama wa sambaza zamu yake, na beseni pana kuliko mabega. Huyo mikono iko juu, na hapo utaanza kujifunza kutoboa mti bila kuupasua. Mtu wa chukudu na mzigo wake, kama yule wa rangi ya dhahabu kwenye rond-point, mwache mpaka mwaka wa pili. Magurudumu yake yanachongwa mbali, na yanasumbua.